Mashine ya Loveness Iliyokataa Kumwaga Maji

Jioni ile nilikuwa nimetumwa dagaa. Nalisema hili mapema ili ujue ni shujaa wa namna gani anayekusimulia. Mwanaume wa miaka hamsini na miwili, kitambi mbele, magoti mabovu chini, amefanya kazi Lubumbashi, Durban na Maskati, na bado mkewe anamtuma dagaa kama mtoto wa darasa la pili. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imekatika muda si mrefu. Jua linazama nyuma ya mabati ya Kalangalala, na mitaro yote ya Geita inatiririsha maji mekundu.

Simu ikaita.

"Fundi Magesa? Shikamoo. Ni mimi Loveness, mke wa Edson wa maduara."

"Marahaba, mama. Nini kimekufa leo?"

"Mashine ya kuoshea vyombo. Inaingiza maji, inaosha, lakini kuyatoa inakataa. Njoo sasa hivi, fundi. Kabla ya saa mbili."

"Kwani vyombo vina ndege ya kuwahi?"

Hakucheka. Alishusha sauti mpaka nikaziba sikio la pili kwa kidole.

"Saa mbili anafika mtaalamu kutoka Ushetu. Edson amemwita. Anasema mashine haijaharibika... imefungwa. Na anasema aliyeifunga anamjua."

"Nani?"

"Mama Luka."

Dagaa niliwaacha palepale kwa muuzaji.

Kama wewe si mtu wa huku, nikueleze kwa nini. Huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu akishatajwa na mtaalamu, yaani mganga, mbele ya watu, siku zake zimehesabiwa. Macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, miaka arobaini ya kuwapikia haohao wanaomnyooshea kidole. Baada ya wiki moja au mbili wanakuja watu wenye mapanga. Kukipambazuka, mtaa mzima unaapa ulikuwa umelala fofofo, hata mbwa. Nimezunguka nchi nyingi nikikutana na woga wa kila aina. Woga huu wa kwetu ndio pekee ninaouonea kinyaa.

Nyumba ya Edson ina nguzo sita mbele kama benki, na hakuna hata moja inayobeba kitu. Getini kuna simba wawili wa saruji, mmoja kengeza. Sebuleni kuna makochi ambayo bado yamevalishwa nailoni, ukikaa yanapiga kelele kuliko mgeni. Ndiyo nyumba ya mtu aliyepata dhahabu kabla ya kupata akili.

Nilimkuta mwenyewe jikoni, ameegemea friji, cheni shingoni, mikono imezama mifukoni mwa suruali. Loveness alikuwa amesimama katikati ya jiko akikunja na kukunjua taulo. Na kwenye kigoda, karibu na mlango wa nyuma, alikaa Mama Luka. Mwili mdogo, kitenge kilichopauka, kifurushi cha nguo juu ya mapaja. Alikuwa ameshafungasha.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma chetu.

"Mwadila, baba."

Sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

Habari zake nilikuwa nazijua, mji huu hauna siri. Jina lake Asteria, kwao Samuye, na Edson ni mtoto wa dada yake. Luka alikuwa mwanawe wa pekee, mchimbaji kwenye duara la Edson. Duara ndilo shimo lenyewe la dhahabu: jembamba kama kisima, mita hamsini kwenda chini, mtu anashushwa na kupandishwa kwa kamba. Mwezi wa pili maji yaliingia ghafla, Luka yuko chini. Hakutoka. Edson alisema siku ile yeye alikuwa mjini, aliporudi akakuta maji yamejaa, mwili haupatikani tena. Mdomo wa duara ukafunikwa kwa magogo, matanga yakafanyika bila maiti. Kisha Edson akamleta mama yake mdogo mjini "kumtunza." Kumtunza kwenyewe ni kuoshea vyombo watu tisa.

"Nilinunua mashine ili apumzike," Loveness alininong'oneza. "Tangu fundi aje kuifunga hapa, haijamwaga maji hata siku moja."

"Kwa sababu amekasirika!" Edson akadakia. "Amenyang'anywa kazi, basi analipiza."

"Ngoja nielewe, Edson," nikasema, nikiweka begi langu chini. "Mama yako mdogo ni mchawi wa kutisha. Ameacha radi, ameacha ng'ombe za watu, ameacha pamba yote ya Shinyanga, akaja Geita kuloga pampu ya plastiki yenye ukubwa wa chungwa?"

"Mzee, wewe tengeneza. Uchawi waachie wenye kazi yao."

"Nitatengeneza. Na nikipata ubovu?"

Alimtazama mkewe. Loveness hakuinamisha macho. "Akipata ubovu, unampigia mtu wako anageuza gari. Tumekubaliana, Baba Nelly."

"Akipata," Edson akasema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja na dakika kumi. Nikapiga magoti, yakalia kama mlango wa ghala, nikafungua mashine.

Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

Mekundu.

Niliingiza mkono. Baridi... si baridi ya bomba. Ni ile baridi inayokaa mahali ambapo jua halijawahi kufika. Na harufu! Nilitegemea mafuta ya samaki na ugali uliochacha. Nikanusa udongo mbichi, moshi wa dizeli, na kwa mbali, baruti.

"Mmeosha nini humu?" nikauliza.

"Sahani," Loveness akajibu. "Sahani tu, fundi."

Nikaanza kuchota kwa jagi. Ndoo ya kwanza nikaimwaga nje kwenye maua. Ya pili. Ya tatu. Nikafunga koki ya maji. Ya nne. Nikachomoa waya ukutani. Ya tano, ya sita. Ndoo ya saba nilirudi, nikapiga tochi ndani.

Maji yalikuwa palepale. Hayakupungua hata upana wa kidole.

Nilifanya wanachofanya mafundi wote duniani wakiogopa: niliitukana mashine. Niliitukana kwa Kiswahili, nikaongeza Kiarabu kidogo cha Maskati, nikamalizia na neno moja la Durban ambalo hata maana yake sijawahi kuambiwa. Edson alicheka puani.

"Unaona, mzee? Kitu kimefungwa hicho."

Mama Luka alikaza fundo la kifurushi chake.

Lile fundo ndilo lililonirudishia akili. Nikalala kifudifudi sakafuni, kitambi na vyote, nikamulika chini ya sinki. Na hapo, ndugu yangu, nikacheka mpaka nikagonga kichwa.

Mpira wa kutolea maji machafu ulikuwa umelazwa chini sakafuni, ukachomekwa moja kwa moja kwenye bomba la taka. Mpira ule hupandishwa juu kwanza, ukunjwe kama upinde, ndipo ushuke. Usipofanya hivyo, maji yanayotoka yanarudi. Tena nyuma ya nyumba Edson alichimbiwa shimo la maji taka na wachimbaji wake wa duarani, na mvua za mwezi ule zilikuwa zimelijaza. Kila ndoo niliyotoa, shimo lilikuwa linanirudishia. Na udongo wa Geita ni mwekundu. Kila kitu kikapata baba yake.

"Mama Nelly, njoo umwone mchawi wenu," nikamwita Loveness. "Ana urefu wa mita moja na nusu, mwili wa plastiki, na aliletwa na fundi aliyewafungia mashine. Huyo fundi alikuwa na ovaroli mpya, siyo?"

"Mpya kabisa."

"Nilijua. Hakuna kingine anachoweza."

Niliupandisha mpira, nikaufunga kwa waya chini ya meza ya jiko. Nikachota tena. Safari hii maji yalishuka. Loveness akaanza kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya blanketi. Hata Mama Luka aliinua uso, na nikaona alikuwa na jino moja la dhahabu mbele. Zawadi ya mwanawe, nikaja kujua baadaye.

Nikatoa chujio. Limejaa mchanga, na katikati ya mchanga kijiwe cheupe, kidogo kama punje ya hindi, chenye mstari mwembamba wa njano.

Edson aliachana na friji akanifikia kwa hatua mbili.

"Kimetoka wapi hicho?"

"Mwenye maduara ni wewe, unaniuliza mimi? Labda mfuko wa shati lako."

Alikitazama bila kukigusa. Dhahabu, na Edson hakuigusa! Uso ulimshuka kama bendera isiyo na upepo. Ilibidi nishangae. Lakini nilikuwa na haraka ya kumwokoa bibi, na kiburi cha kupata jibu kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikakitupa kile kijiwe kwenye ndoo.

Saa mbili kasoro robo.

"Umesikia mwenyewe," Loveness akamwambia mumewe. "Ni mpira. Piga simu."

"Iwashwe kwanza. Ikimwaga, napiga."

Nikaichomeka. Nikafungua koki. Nikaiweka kwenye kusuuza. Ikaunguruma vizuri, maji yakaingia, yakazunguka, sahani zikagongana kwa adabu. Sote wanne tukasimama tukiitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Kisha pampu ikashika. Gruu... gruu... na maji yakasikika yakienda zake chini ya bomba mpaka tone la mwisho. Loveness alipiga makofi. Edson akatoa simu mfukoni, polepole, kwa uso wa mtu aliyeshindwa mchezo.

Ndipo ikagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kutoka ndani.

"Hewa," nikasema. "Kwenye pampu. Kawaida."

Ngo. Ngo. Ngo.

Niliizima, nikafunga koki. Taa yake ikafa. Nikasubiri.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikachomoa waya. Niliushika mkononi, waya wenyewe, ncha zake tatu zinanitazama.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hiyo haikuwa sauti ya plastiki. Ilikuwa jiwe juu ya chuma. Na mimi sauti ile naijua. Kabla ya kuwa fundi wa mataifa nilikuwa mvuta kamba machimboni, miaka miwili, kijana mwenye mikono ya chuma na kichwa cha boga. Aliye chini ya duara hana simu wala sauti inayofika juu. Ana bomba la maji linalopanda hadi mdomoni mwa shimo. Anaokota jiwe, analigonga. Mara moja: simama. Mara mbili: vuta mfuko wa mawe. Mara tatu: vuta mtu.

Hakuna mvuta kamba anayesikia tatu akabaki amekaa. Hata mimi, na magoti yangu haya, nilijikuta nimeruka mbele.

"Ni yeye!" Edson akapiga kelele, akimnyooshea kidole Mama Luka. "Mwangalieni mdomo! Anatamka kitu!"

Kweli midomo ya bibi ilikuwa inacheza. Nikasogea karibu. Alikuwa anahesabu.

"...mbili... tatu." Akainua macho yake mekundu. "Tatu ni mtu. Luka aliniambia. Akija nyumbani, akimaliza kula anagonga sahani na kijiko mara mbili, anasema mayu, vuta mfuko." Alitabasamu kidogo, jino likang'aa. Kisha tabasamu likaisha. "Hii ni tatu. Mbona hamvuti?"

Loveness alimgeukia mumewe.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mikono ya Edson ikatoka mifukoni. Simu ilianguka, hakuitazama. Mkono wa kulia ulikwenda mbele ukashika hewa, ukavuta. Wa kushoto ukapita juu yake, ukashika, ukavuta. Tena wa kulia. Taratibu, kwa uzito. Misuli ya shingo ilimtuna kama ya mtu mwenye mzigo wa kweli.

"Baba Nelly?" Loveness akanong'ona.

"Mfuko kwanza," Edson akasema. Hakuwa anasema nasi. "Mfuko kwanza, Luka... mmoja tu... mawe yana rangi ya dhahabu. Nakuja kukuvuta. Mmoja tu..."

Mlio ukazidi kasi. Ngo ngo ngo. Ngo ngo ngo. Na maji yakaanza kupanda. Mpira niliupandisha kwa mkono wangu, koki nimeifunga, umeme hakuna, na bado yalitoka chini ya mlango wa mashine, mekundu, yakatambaa juu ya vigae vyeupe vya Edson. Yakanifika vifundoni. Nikapanda juu ya kiti. Sioni aibu kusema. Nilipanda kwa wepesi ambao mke wangu asingeamini.

Mama Luka yeye alisimama ndani ya maji. Kifurushi kilimdondoka.

"Ulikuwa kwenye kamba, Edson?"

"Mfuko kwanza..."

"Uliniambia ulikuwa mjini."

"Niliwaondoa wengine." Anavuta, anasema, jasho linamtiririka. "Wasione mawe. Nikabaki peke yangu. Akagonga tatu. Nikasema mfuko kwanza, mama, mmoja tu, usipotee majini... nikavuta mmoja. Nikavuta wa pili. Kamba ikashuka, ikarudi tupu."

"Ikarudi tupu," bibi akasema. "Akanyamaza?"

Edson alitikisa kichwa. Mikono haikusimama.

"Aligonga mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi."

"Na wewe?"

"Nikaweka magogo."

Nimekutana na watu wabaya. Lubumbashi niliwahi kufanya kazi kwa mtu aliyeuza madirisha ya shule na watoto wamo ndani. Lakini yule alikuwa mwizi, anajua ni mwizi, analala mwizi. Huyu wa kwetu alimfunika binadamu anayegonga, akanunua simba wa saruji, akamchukua mama wa marehemu akamkalisha jikoni kwake amwoshee masufuria. Na alipohisi anafuatwa, akatafuta wa kumtwisha. Nani? Yuleyule mama. Nikiwa juu ya kiti, nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote.

Honi ikalia getini.

Mtaalamu alifika kwa wakati, lazima nimsifu kwa hilo. Aliingia na suti ya michezo, saa kubwa kama sahani ya chai, mkia wa ng'ombe unachungulia kwenye begi la kompyuta. Alianza kazi tangu koridoni, kwa sauti ya kuigiza.

"Naona... naona mwanamke! Mtu mzima! Ametokea upande wa mashariki, amekuja na kitu kimefungwa kwenye nguo..."

Mguu wake ukaingia majini. Chwaa.

Akasikiliza.

Ngo ngo ngo. Ngo ngo ngo.

Alitazama mashine. Alitazama waya uliochomolewa mkononi mwangu. Alimtazama aliyemwita, anavuta kamba isiyoonekana, povu pembeni mwa mdomo.

"Nani... nani anagonga?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Mtaalamu ni wewe," nikamjibu kutoka juu ya kiti.

Aliondoka. Hakukimbia mwanzoni, alirudi kinyumenyume na mkia wake kifuani, kisha nikasikia mbio, kisha gari, kisha kishindo cha simba mmoja getini kuvunjika. Alituachia kiatu cha kushoto. Miaka yote anawauzia watu wafu, na siku aliyokutana na mmoja hakuwa hata na salamu ya kumpa.

Mama Luka hakugeuka kumwangalia. Alichukua mwiko juu ya meza. Akapiga magoti ndani ya maji yale mekundu, kitenge kikaelea kumzunguka, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa mashine.

Akagonga. Mara moja tu.

Mlio ukakoma.

Nilisikia friji. Nilisikia Loveness akilia bila sauti.

"Nimekusikia, ng'wanawane," bibi akasema, kama unavyomwambia mtoto aliyeamka na ndoto. "Usigonge tena, utachoka. Kesho tunakuja kukutoa."

Maji yakaanza kushuka. Yalirudi chini ya mlango yalikotoka, polepole, yakaacha vigae vimepakwa udongo mwembamba. Loveness alimshika mumewe mabega, akamtikisa, akamzaba kofi. Edson aliendelea kuvuta.

Nilimpakia bibi kwenye kigari changu tukaenda kwangu. Mke wangu alitoka mlangoni akiwa tayari na maneno ya dagaa, akamwona yule bibi aliyelowa hadi kiunoni, akayameza yote. Alimpa chai, akamtandikia, akalala naye chumba kimoja. Saa kumi na mbili asubuhi Loveness mwenyewe alikuwa getini kwetu na kanga ileile ya jana. Alikuwa ameshakwenda polisi.

Walifungua duara siku hiyohiyo. Pampu tatu, siku mbili. Nilikuwepo, nimemshikilia Mama Luka mkono muda wote, au yeye kanishikilia mimi, sikumbuki vizuri. Luka hakuwa ndani ya maji. Hakuzama kabisa. Kando ya shimo, juu ya mstari ambao maji yaliishia, kulikuwa na kibaraza cha mwamba, na alikuwa amekaa pale, mgongo ukutani, mkavu, jiwe mkononi. Bomba lililokuwa pembeni yake lilikuwa limebonyea sehemu moja, limeng'aa kama sarafu. Mchimbaji aliyeshuka alipopanda aliomba sigara, na havuti sigara.

Wamezikwa wengi Samuye, lakini sijaona watu kama siku ile. Na hakuna aliyemtaja mchawi.

Nimejaribu kujieleza yale ya jikoni. Mpira ulikuwa umefungwa vibaya, hilo naliapia mahakamani. Shimo la taka lilikuwa limejaa. Polisi mmoja aliniambia labda Edson mwenyewe alikuwa anagonga friji kwa kisigino bila kujijua, dhamiri inaweza kumfanyia mtu hivyo. Nikamwambia labda. Kijiwe nilikitafuta kwenye ndoo kesho yake, sikukikuta, na Loveness anasema hakukigusa.

Edson yupo. Kesi inamsubiri apate akili, na akili haionyeshi haraka ya kurudi. Usiku ule alivuta hadi alfajiri, kisha mikono ikasimama, imekunja ngumi, mmoja mbele ya mwingine. Madaktari wamejaribu kunyoosha vile vidole kwa sindano na kwa nguvu, vimekataa. Siku Luka anatolewa nilidhani ataachia. Hakuachia. Loveness, ambaye angeweza kuondoka na hakuna ambaye angemlaumu, anamlisha kwa kijiko.

Juzi Mama Luka alinipigia simu kutoka Samuye.

"Fundi, bado ameshika?"

"Bado, mayu."

"Mwambie aachie. Sisi mtoto wetu tumeshamvuta."

Nilikwenda nikiwa na nia ya kumwambia. Sina huruma naye, lakini maneno ya mama yule si yangu ya kuyakalia. Nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu uani, breki zimefungwa, mikono mbele. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake. Misuli yake ilikuwa imekaza, mishipa imesimama, kama siku ile. Mtu anayeshika hewa hakazi hivyo.

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, kiti kikajongea. Kidogo tu, upana wa kiganja, magurudumu yamefungwa yakikwaruza saruji. Edson alivutwa mbele, akakanyaga chini, akajikaza, akakivuta kile kitu nyuma tena. Macho yake yalinigeukia. Yalikuwa mazima kabisa, yana akili zote, na yalikuwa yananiomba nisimwambie aachie, kama anayejua nimetumwa nini.

Luka nilimzika kwa mikono yangu. Nilitupa udongo juu ya jeneza lake.

Basi mwisho wa pili wa kamba ile ameshika nani?

Nilifunga mdomo, nikamuaga Loveness, nikarudi nyumbani. Ujumbe wa Mama Luka bado ninao.